Somo: Unajiambia nini dagaa wakilowa?

Kuna mwaka nilianika ndoo arobaini za dagaa kule Igombe, ufukweni mwa ziwa hapa Mwanza. Giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, lilikuwa zuri, wavuvi walipata, na tajiri mmoja akanikopesha nusu ya mzigo. Saa nane mchana jua kali. Saa tisa na nusu wingu limeshashuka kutoka ziwani, na mimi niko soko la Mwaloni Kirumba nabishana na dalali. Nilipofika, dagaa walikuwa wamelala juu ya chanja kama uji uliomwagika, matumbo yamepasuka, maji ya kahawia yanachuruzika mchangani. Dagaa aliyelowa hata ukimkausha tena anageuka rangi na kutoa harufu, na mnunuzi wake ni mtu wa chakula cha kuku, kwa bei ya kukuonea huruma.

Hasara kila mtu anapata. Ninachotaka mkisikie ni nilichosema pale nikiwa nimesimama na viatu vimejaa maji: "Mimi mkosi. Kila ninachoshika kinaoza." Sikupanga kusema. Kilinitoka kama kinavyomtoka mtu aliyekanyaga msumari. Basi wiki mbili zilizofuata sikukanyaga mwaloni. Wenzangu wakanunua, wakaanika, wakauza, mimi niko ndani na mkosi wangu mpaka mbalamwezi ikarudi. Mvua ilinichukulia ndoo arobaini, na ile sentensi ikanichukulia giza zima.

Kwa hiyo nimeandika somo hili la maneno tunayojiambia kwa wote mlioomba baada ya kikao cha kundi letu cha Jumamosi, na kwa wale mliosinzia (mnajijua).

Kwanza nitoe kitu njiani. Mambo ya kusimama mbele ya kioo na kusema "mimi ni tajiri, mimi ni mshindi" mara mia hayakuanza kwenye simu zenu. Mfamasia wa Ufaransa, Émile Coué, alivuma miaka ya 1920 kwa kuwafundisha watu kurudia asubuhi na jioni kwamba kila siku, kwa kila namna, wanazidi kuwa wazima zaidi. Siwezi kusema hakuna aliyefaidika. Lakini mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, na wenzake walichapisha jaribio ambalo mwanangu anayesoma chuo alinieleza tukichambua mchele. Waliwapa watu sentensi ya kurudia, kwamba "mimi ni mtu wa kupendeka". Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wanajidharau, yaani wale hasa wanaoihitaji hiyo dawa, walijisikia vibaya zaidi. Mimi sikushangaa. Jaribu kusema "mimi tajiri" huku marejesho ya wiki tatu hujapeleka. Moyo utakucheka, halafu utakutajia na tarehe.

Hatua ya kwanza: ikamate

Siku tatu za mwanzo usibadilishe kitu. Chukua daftari lile lile la mahesabu, tumia kurasa za nyuma. Kila roho inapokushuka ghafla, andika maneno yaliyopita kichwani wakati huo. Yaandike yalivyo, yakiwa ya Kisukuma yaache ya Kisukuma, yakiwa matusi yaache matusi. Mama mmoja wa Mabatini alidhani ana mawazo mia. Daftari likamwonyesha ana moja tu, "wananicheka", limejirudia siku nzima, sokoni, kanisani, mpaka jikoni kwake ambako hakuna mtu.

Hatua ya pili: idai ushahidi

Daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo yanayopita haraka, yenyewe, na wao wanayapokea bila kuuliza. Akaanza kuwafundisha kuyakagua, kila wazo lidaiwe ushahidi.

Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa mara mbili. Mtu akikuletea ndoo ya dagaa huangalii wa juu tu. Unazamisha mkono mpaka chini, unaleta wa chini, unawapuliza uone mchanga. Fanya hivyo hivyo. "Kila ninachoshika kinaoza." Kila? Nilifungua daftari langu nikahesabu: mizigo kumi na moja mwaka ule, miwili imelowa. Na mara zote mbili turubai lilikuwa nyumbani, limefunika matofali ya shemeji. Kumbe mkosi wenyewe ulikuwa na matundu ya kamba kwenye pembe nne.

Hatua ya tatu: andika nyingine, ya kweli, na iwe na kazi ndani

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sentensi mpya isiwe pambo. Iwe na vitu viwili: jambo ambalo hata adui yako akilisoma atakubali ni kweli, na kitu cha kufanya kwa mkono. Mimi niliandika: "Mzigo huu nimepoteza. Kuanzia leo turubai linalala Igombe." Isomeni tena. Haina sifa hata moja kwangu, lakini niliposema hivyo niliweza kuinuka.

Mwenzetu aliyekuwa anajiambia "hili deni litanizika" tulikaa naye akaandika: "Nadaiwa laki mbili na arobaini. Alhamisi napeleka elfu ishirini." Alilia kidogo akiiandika ile hesabu, kwa sababu kwa miezi alikuwa hajaitaja. Halafu akasema, "Kumbe inatajika."

Na kuna mpwa wangu alipokuwa anajifunza pikipiki. Kwenye mlima wa kupanda Bugando alikuwa anazima kila mara, nyuma daladala zinapiga honi, na kichwani anasema "nitaanguka, nitaanguka". Fundi wake akamfundisha kusema kwa mdomo: "Klachi. Gia ya kwanza. Mafuta kidogo. Achia taratibu." Maneno manne ya kazi, basi. Watafiti wa michezo nao wamekuta kwamba maneno ya kujielekeza namna hii husaidia hasa pale kazi inapotaka usahihi. Mpwa hajui habari za watafiti. Anajua tu kwamba siku ile alifika juu.

Kipimo changu ni hiki: msomee sentensi yako jirani anayekujua vizuri. Akiangua kicheko ni kubwa mno, ipunguze.

Hatua ya nne: jiite kwa jina

Hii mtaona ya ajabu. Usiseme "mimi". Jiite kama unavyoitwa mtaani: "Mama Fulani, umechelewa, lakini gari la pili lipo." Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kuhutubia mbele ya wengine bila maandalizi ya kutosha. Waliojiandaa kwa kujisemesha kwa majina yao walifanya vizuri zaidi, na hofu ilikuwa ndogo, kuliko waliosema "mimi, mimi".

Nadhani najua kwa nini. Dagaa wa jirani wangelowa nisingemwambia "wewe mkosi". Ningesema, "Pole mama, shika upande ule tuwageuze." Ukijiita jina, unajigeuza jirani yako kwa dakika moja.

Hatua ya tano: ipe mahali

Sentensi isiyo na mahali inasahaulika. Ifunge kwenye kitu unachofanya kila siku, kama kufunga kanga, kuwasha jiko au kupanda daladala. Basi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nyegezi:* Shikamoo mama. Kanisani tunafundishwa kujitamkia baraka hata kabla hujaziona. Unasema tunakosea?

Marahaba mwanangu. Sijasema. Sala unamwambia Mungu, mimi hapa nazungumzia unachojiambia mwenyewe saa kumi alfajiri ukitafuta kiatu cha pili. Mimi naomba kila siku njia nzima ya kwenda Igombe. Nikisema amina, namalizia na turubai.

*Mwanachama, Buhongwa:* Mwanangu wa darasa la tatu akikosa hesabu anajiita "kichwa maji". Mtoto naye aandike daftari?

Asiandike. Neno hilo hakulitunga yeye. Kaa kimya siku mbili usikilize nani hapo nyumbani hulisema, na ukikuta ni wewe, pole, tupo wengi. Msomi wa Kirusi, Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, alieleza kwamba mtoto mdogo hujisemesha kwa sauti anapofanya jambo, na maneno hayo, aliyoyapata kwa watu, baadaye huingia ndani yakawa mawazo yake. Tazama watoto ufukweni wakitengeneza mtumbwi wa bua: "Hapa nakata, hapa natoboa, usivunjike wewe." Kaa naye kwenye hesabu useme kwa sauti: "Mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi." Sema kila jioni bila hasira. Siku moja utaona midomo yake inacheza peke yake.

*Mvuvi, kwa simu ya mke wake:* Mama nikijisemesha mtumbwini usiku wenzangu si watasema nimerukwa na akili?

Mbona injini ikikataa kuwaka mnaibembeleza kama bibi harusi? Sema moyoni, baba.

*Mwanachama, Igoma:* Dada, nimemaliza chuo 2022. Maombi ya kazi yamepita thelathini. Najiambia nitapata, lakini wapi.

Mdogo wangu, nisikudanganye, maneno hayaajiri mtu. Na hukukosa kazi kwa sababu ulijisemea vibaya. Wanaowaambia vijana kwamba shida yao ni mawazo hasi wananikera sana, maana wengi wao wana mshahara. Kitu pekee nitakachokuomba ubadilishe ni hilo "nitapata", kwa sababu kila likikosa linakugeukia. Jaribu hivi: "Barua ya thelathini imekataliwa. Kabla ya inayofuata, nampa mtu aliyeajiriwa anisomee." Niletee nimpe mwanangu aipitie. Na lile wazo lako la kuuza sato wa kukaanga jioni lilete kwenye kikao, hilo lina hesabu tunayoweza kuipiga.

*Mwanachama (ameomba nisitaje anakotoka):* Mwezi wa pili sasa silali. Naona bora nisiwepo.

Hili silo la daftari. Nimekupigia kabla ya kuandika hapa, na kesho asubuhi tunakwenda wote hospitali ya Bugando, kule kuna idara ya magonjwa ya akili. Nakuandikia hapa kwa ruhusa yako kwa sababu najua hauko peke yako kwenye kundi hili. Wazimbabwe wanaita *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na tangu 2006 daktari wao Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi kukaa na watu wa namna hii kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kutafuta nao tatizo moja la kuanzia. Mwingine yeyote mwenye hali hii asingoje kikao. Anipigie hata usiku wa manane, au amwamshe mtu wa nyumbani.

*Mwanachama, Kirumba:* Mama, wewe mwenyewe ile sauti ya mkosi imekwisha?

Wapi! Ijumaa iliyopita tu, niko kwenye foleni ya mizani, nikaona upande wa ziwani kumekuwa kweusi. Ikaja vile vile, na lafudhi yake ile ile: "Umeanza tena, mkosi." Nikajiita jina langu. Nikampigia kijana wa chanja, akapokea anahema, anasema, "Mama, nimeshafunika, nimebakiza kona moja, jiwe halitoshi." Nikamwambia atumie ndoo ya maji.

Na haikunyesha. Ilipita juu kwa juu.