Jinsi ya kuchora safari ya kortisoli hadi kwenye jeni

Wanafunzi wengi wa baiolojia hapa Mwanza humaliza mchoro wa homoni za steroidi kwa mshale mmoja: homoni inaingia kwenye seli, jeni inawaka. Mshale huo unaficha kazi yote, kwa sababu homoni yenyewe haiwashi jeni. Hubadili umbo la kipokezi chake, yaani protini ya seli inayoishika homoni hiyo, ili protini nyingine zipate pa kushika.

Utando wa seli upite haraka. Kortisoli, homoni ya steroidi ya msongo, hutokana na kolestero na huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya kwa urahisi. Ndani ya saitoplazimu, chora kipokezi kikiwa kimeshikwa na protini walezi, yaani zinazosaidia protini nyingine kukaa katika umbo sahihi, hasa Hsp90 na p23. Wengi huichora Hsp90 kama kufuli tu, na huko ni kuionea, maana bila hiyo kipokezi hiki hakiwezi kuishika kortisoli ipasavyo.

Homoni ikishashikwa, walezi hujipanga upya, kipokezi huingia kwenye kiini, na vipokezi viwili hukaa pamoja juu ya DNA. Kila kimoja kina vidole viwili vya zinki, na katika kila kidole atomu ya zinki imeshikwa na sisteini nne. Andika pale ubaoni mfuatano vinaoutafuta: AGAACA, besi tatu zozote, kisha TGTTCT.

Usikimbilie unukuzi, yaani kunakiliwa kwa jeni kuwa RNA, bado. Rudi kwenye sehemu inayoshika homoni, uchore kwa ukubwa helisi ya 12 (kipande cha protini kilichojiviringa kama springi), ambayo hujifunga juu ya homoni kama kifuniko cha sufuria na kukamilisha mfereji mdogo upande wa nje. Somo lote limo katika mfereji huo. Protini wezeshi kama SRC-1, iliyotambuliwa mwaka 1995, ina vipande vifupi vya asidi amino tano, ambamo ya kwanza, ya nne na ya tano ni lusini. Kipande cha namna hiyo ndicho kinachotoshea humo. SRC-1 nayo huziita protini CBP na p300, ambazo hubandika asetili kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, na kuilegeza DNA, na kundi kubwa la protini liitwalo Midieta husaidia kuiweka polimerasi ya RNA II, kimeng'enya kinachonakili jeni, mahali pake.

Kumpima mwanafunzi, mpe swali la tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti ambayo atakutana nayo tena akienda kusoma udaktari Bugando. Kipokezi cha estrojeni, ambacho dawa hiyo hukishika, achore tangu mwanzo ndani ya kiini, ambako hukaa kwa wingi hata kabla ya homoni kufika. Mkia mnene wa tamoksifeni huizuia helisi ya 12 isijifunge, na helisi hiyo hulala ndani ya mfereji ule ule. Akichora kipokezi kingali juu ya DNA huku SRC-1 ikikosa pa kushika, mpe alama zote.