Kikonyo cha mpapai darasani: namna ninavyofundisha kichocho cha ini

Hapa Pemba ukitaja kichocho, mkono wa kwanza kuinuka utauliza: "Mwalimu, si kile cha kukojoa damu?" Ndicho, chetu cha visiwani ni hicho. Kinachoharibu ini ni cha matumbo, Schistosoma mansoni, kinachowasumbua watu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Malizana na hilo kwanza.

Kata kikonyo kibichi cha jani la mpapai, kile chenye tundu. Tafuta kokwa nyembamba za zambarau, kila moja ugandishe mwiba wa mlimau ubavuni. (Ukiuweka nchani umetengeneza yai la kichocho chetu.) Tumbukiza mbili tatu, mimina maji: zinakwama. Ndivyo damu ya utumbo inavyoyaleta mayai yakanasa katika vijishipa vya ini.

Sasa wagawie wanafunzi vikaratasi vyenye majina ya saitokini, zile protini ambazo seli za kinga hutumiana kama salamu. Intaferoni-gama aanze, wiki tano hivi za mwanzo, minyoo haijataga, zamu ni yake. Kokwa zikinasa, akae, wainuke intaleukini-4 na intaleukini-13. Kwa wito wao seli hulizingira yai, na 13 ndiye anayezichochea seli nyota za ini zitandaze kolajeni, nyuzi za kovu. Hapo mmoja apake kikonyo uji mzito wa muhogo, tabaka juu ya tabaka. Intaleukini-10 mpe filimbi, maana kazi yake ni kutuliza pande zote. Asipopuliza, uji wote unaisha, na meza nafuta mimi.

Mwaka wa kwanza niliwaita 4 na 13 wezi, darasa zima likapiga kelele watoke. Kijana wa nyuma akauliza, "Wakitoka, sumu ya yai ataizuia nani?" Nikakosa jibu. Usiku nikasoma: panya wasio na intaleukini-4 wakiambukizwa hukonda na kufa mapema, wasio na 13 makovu hupungua na huishi zaidi. Kumbe hata hao wawili hawafanani. Siku hizi kila mmoja anajieleza mwenyewe kabla hajasimama.

Acha kikonyo juani hadi kesho. Kitakuwa kigumu kama kiko cha udongo, na ndivyo daktari Symmers alivyoliona ini hili mwaka 1904. Mimina maji tena, yatapanda yamrudie mikononi aliyemimina. Kabla hajajifuta, waulize: mgonjwa huyu seli zake za ini bado zinafanya kazi, mbona anatapika damu?