Kupata msaada wa kisheria bila malipo Tanzania: hatua za kufuata

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Tanzania Bara mwenye mgogoro wa ardhi, ndoa, mirathi au ajira, ambaye kipato chake hakimwezeshi kumlipa wakili. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika ngazi ya kata, na ningependa msomaji aelewe kwanza kwamba msaada huu umewekwa na sheria, kwa hiyo anayeuomba haombi hisani ya mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 humhesabu kuwa hana uwezo mtu ambaye mali na kipato chake havitoshi kumweka wakili binafsi. Haisemi kwamba lazima awe fukara. Mama lishe, dereva wa bodaboda ya mkopo na mkulima wa ekari mbili wote wanaweza kuingia katika maana hiyo, na inaniuma kuona wengi wao wakijiengua wenyewe kabla hata ya kuuliza.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako

Kabla ya kutafuta wa kukusaidia, andika tarehe ambayo jambo lilitokea, kwa sababu sheria huweka ukomo wa muda na haimsubiri mtu apate wakili. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kuufikisha mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Ikiwa siku zinakaribia kwisha, nenda kajaze fomu ya kufungulia mgogoro, yaani CMA F1, wewe mwenyewe, mpe mwajiri nakala yake, uiwasilishe Tume, kisha ndipo uendelee kutafuta msaada. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu ya kila siku iliyopita, na maelezo hayo huwa magumu kwa mtu aliyekuwa akingoja tu.

Hatua ya pili: panga nyaraka na maelezo

Andika maelezo ya ukurasa mmoja au miwili, kwa mfuatano wa tarehe, ukitaja nani alifanya nini na nani alishuhudia. Kisha weka pamoja nyaraka zinazohusika. Katika ardhi ni hati ya mauziano, hatimiliki ya kimila kama ipo, na majina ya majirani wanaopakana nawe. Katika mirathi ni cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Toa nakala za kila kitu, na usimwachie mtu yeyote nyaraka halisi bila kuandikiana.

Katika mashauri ya ndoa, wanawake wengi hufika wakiamini kwamba hawana cha kudai kwa kuwa nyumba na kiwanja vina jina la mume. Si kweli. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika kupatikana kwa mali, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif la mwaka 1983, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo, katika maelezo yako, andika pia miaka uliyolea watoto, uliyolima na uliyosimamia ujenzi, hata kama huna risiti hata moja.

Hatua ya tatu: jua pa kuanzia

Mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza hilo husuluhisha tu, haliamui tena nani mshindi. Suluhu ikishindikana, omba cheti cha kuthibitisha hivyo. Zikipita siku 30 bila usuluhishi kukamilika, unaruhusiwa kwenda moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayetaka talaka mahakamani hupitia kwanza, kwa kawaida, baraza la usuluhishi wa ndoa.

Hatua ya nne: tafuta mtoa huduma aliyesajiliwa

Anzia ofisi ya Maendeleo ya Jamii katika halmashauri yako, uulize wasaidizi wa kisheria na mashirika yaliyosajiliwa katika wilaya. Miongoni mwa mashirika yanayofahamika ni Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC). Kwa aliyeko Zanzibar kuna sheria yake ya mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar hutoa msaada huko.

Msaidizi wa kisheria atakuelekeza, atakusaidia kupata nyaraka na atajaribu kuwapatanisha, lakini haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wako, wala kukudai ada. Shauri likihitaji wakili, mwombe akupe barua ya kukuelekeza kwenye shirika lenye mawakili. Kwa ndugu aliye mahabusu, zungumza na uongozi wa gereza au kituo cha polisi, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria inawagusa pia walio kizuizini. Na mshtakiwa wa mauaji anayesikilizwa Mahakama Kuu huwekewa wakili kwa gharama ya serikali.

Hatua ya tano: linda fedha kidogo uliyo nayo

Nje ya mahakama nyingi utakutana na vishoka wanaojiita mawakili. Ukiambiwa ulipe, hata kidogo, tafuta kwanza jina la mtu huyo katika e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wa kuhakiki mawakili. Kuhusu ada za kufungulia shauri la madai, kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, Amri ya 33 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai humruhusu asiye na uwezo kuomba kufungua shauri bila kutanguliza ada. Mwambie anayekusaidia aandae ombi hilo mapema.

Hatua ya sita: baada ya hukumu

Siku hukumu inaposomwa, omba nakala yake kwa maandishi na ubaki na nakala ya barua yako yenye mhuri wa mapokezi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30, na ile ya kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Rudi kwa aliyekusaidia wiki hiyohiyo, hata kama umeshinda, kwa sababu utekelezaji wa hukumu nao huombwa.