Kuongoza somo la upendo wa Mungu usio na masharti kwenye jumuiya

Mkristo wa Dar es Salaam ukimuuliza kama Mungu anampenda, atajibu ndiyo bila kusita. Muulize sasa kama anampenda wiki hii, ambayo hajasali, zaka hajatoa na juzi kamtukana konda kituoni. Hapo jibu linayumba, na hapo ndipo somo linapotakiwa kufanya kazi.

Panga vipindi vitatu, kimoja kwa wiki, dakika 45 kila kimoja. Jumuiya ya Jumamosi asubuhi isizidishe hapo, watu wana biashara za kufungua. Ya jioni ianze kwa saa iliyopangwa hata kama nusu ya wanajumuiya bado wako kwenye foleni ya Mbagala, maana ukiwasubiri, somo litageuka sala ya kufunga. Kila mtu awe na Biblia na penseli. Wengi wanatumia Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Ongeza Biblia ya Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi, moja au mbili kwa vijana wanaokwama.

Kipindi cha kwanza ni Warumi 5:6-10. Usianze na maelezo yako. Mmoja asome polepole, wengine wapigie mstari kila mahali Paulo anapotaja hali waliyokuwa nayo watu Kristo alipokufa. Watapata nne: hawana nguvu na waovu (mstari wa 6), wenye dhambi (wa 8), adui (wa 10). Kisha uliza: kipi kilitangulia, toba yao au kifo chake? Nyamaza, waache wafikiri. Swali hilohilo lipeleke Kumbukumbu la Torati 7:7-8, ambako Musa anawaambia Israeli kwamba hawakuchaguliwa kwa wingi wao, kwani walikuwa wachache kuliko mataifa yote, bali kwa sababu Bwana aliwapenda. Atakayetafuta sababu nyingine ndani ya Israeli yenyewe hataipata pale.

Kipindi cha pili, mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15:11-32, ndicho kigumu kwa sababu kila mtu anadhani anakijua. Wape kazi ya penseli: walinganishe hotuba ambayo mwana mdogo anajiandalia akiwa kwa nguruwe (mstari wa 18 na 19) na ile anayoitoa mbele ya baba (wa 21). Ya kwanza ina sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Ya pili ina mbili tu. Ombi la kibarua halitamkwi. Katika mstari unaofuata baba tayari anaagiza vazi, pete na viatu. Rudini pia mstari wa 20: baba alikimbia na kumkumbatia kabla kijana hajafungua kinywa. Kaeni hapo hata dakika 15.

Halafu usimsahau kaka mkubwa. Viongozi wengi humwacha kwa kuwa muda umeisha, kumbe waliojaa jumuiyani ni kaka wakubwa: wanakwaya, wazee wa kanisa, mama anayefagia kanisa kila wiki. Kaka huyo anahesabu miaka ya utumishi wake na mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Baba anatoka nje kumsihi yeye pia, na Luka hasemi kama aliingia. Usimalizie kisa hicho kwa niaba ya Luka.

Kipindi cha tatu ni cha maswali, na la kwanza utalijua mapema: kama ni hivyo, si tutende dhambi tu? Paulo analijibu Warumi 6:1-2. Someni pia Waefeso 2:8-10 na mtazame mpangilio: neema inatajwa mstari wa 8, matendo mema yanakuja wa 10. Matendo yapo, ila hayatangulii. Waebrania 12:6 nayo inasema Bwana humrudi yule ampendaye, kwa hiyo kupendwa si kuachiwa ufanye utakavyo.

Mambo matatu huharibu somo hili. La kwanza ni sadaka. Atakuwepo anayeamini biashara yake ya Kariakoo imeanguka kwa sababu hakupanda mbegu kubwa. Usimcheke. Mrudishe Warumi 5, umwambie wazi kuwa sadaka ni shukrani, si rejesho la kikoba ambalo ukichelewa unapigwa faini. La pili ni neno baba. Aliyelelewa na baba mlevi, au aliyetelekezwa, haoni faraja katika Luka 15 mara moja. Mpe Isaya 49:15, penye mama na mtoto anyonyaye, na usimlazimishe kusema yaliyomkuta.

La tatu ni zito. Mwanamke anayepigwa nyumbani akisikia somo hili anaweza kuhitimisha kwamba kupenda kama Mungu ni kuvumilia kipigo, na mara nyingi kuna mzee pembeni wa kuitikia amina. Kata hapo hapo. Kusamehe hakumlazimishi mtu kurudi kulala kwa anayemuumiza. Zungumza naye faragha baada ya kipindi, muulize kama usalama upo usiku huo, na akikubali asindikizwe na mama wa jumuiya anayemwamini hadi Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Akiwa na majeraha apewe hapo fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya hospitali, lakini kama hali ni mbaya aanze na hospitali. Mambo yake yasitajwe kwenye maombi ya pamoja wiki inayofuata.