Viatu vya theluji vya bomba la PVC, tulivyotengeneza na vijana wa kanisa

Huku Maine, Marekani, theluji ikishaanguka futi mbili vijana wetu wanajifungia ndani na simu mpaka mwezi wa nne, na mimi naelewa, mtu amekulia Bujumbura au Bukavu utamwambia nini kuhusu kutembea porini saa hizi. Viatu vya theluji dukani vingi ni dola mia na zaidi kwa jozi, sasa ukiwa na vijana kumi na wawili si utauza gari? Tukaamua kutengeneza wenyewe.

Wazo ni dogo tu. Buti linakanyaga sehemu ndogo ndo maana unazama mpaka gotini, ukitandaza uzito wako kwenye kitu cha sentimita 80 kwa 26 hivi unazama kidogo sana. Wenyeji wa asili wa huku, akina Abenaki, walikunja mbao za mti uitwao ash wakasuka ngozi mbichi katikati. Sisi tukachukua bomba.

Kwa kila kiatu: bomba la PVC la robo tatu inchi (usichukue la nusu inchi, PVC kwenye baridi inakuwa kama biskuti), kona 8 za digrii 45, tii 2 (viungo vya umbo la T), kipande cha turubai, kamba ya nailoni, na tyubu kuukuu ya baiskeli au gari. Tyubu waombe wanaotengeneza baiskeli, wao wanazitupa.

Kata vipande viwili vya sentimita 35, viwili vya 25, vinne vya 8 na viwili vya 10. Vya 10 ndo ncha ya mbele na ya nyuma, vya 8 vinakaa kwenye mikunjo, ubavuni unaunga 25 kwa mbele na 35 kwa nyuma, katikati yao tii zikiangaliana kwa ndani. Kati ya tii na tii kunapita fito, na hiyo usiikate mapema, unga fremu yote bila gundi kwanza, laza sakafuni, pima, kata. Vijana wawili wetu walikata kwa macho wakapata kitu kama yai lililokanyagwa. Gundi ya bomba pakeni milango iko wazi maana harufu yake inapanda kichwani, halafu acheni mpaka kesho yake.

Turubai likate kubwa kuliko fremu, kunja pindo, toboa matundu, lifunge kwa kamba kuzunguka bomba, vuta hadi ligongeke kama ngoma. Mbele ya fito acha dirisha la sentimita 12 hivi, hapo vidole vya buti vitakuwa vinachovya chini.

Sasa hapa kwenye kufunga mguu ndo kazi yote ilipo. Mara ya kwanza tulifunga buti mbele na nyuma, imara kabisa, tukajisifu, tukatoka nje, hatua tatu wote chini, kijana mmoja akaning'inia kwenye mti wa jirani. Kisigino lazima kiwe huru! Unaponyanyua mguu kisigino kinapanda na mkia wa kiatu unaburuzika nyuma. Kwa hiyo kata mpira wa tyubu upana wa sentimita 5, ule ule tuliokuwa tunakatia manati na kufungia mizigo kwenye keria, ufunge kwenye fito upite juu ya vidole, halafu mwingine utoke hapo hapo kwenye fito uzunguke nyuma ya buti ili mguu usirudi nyuma, ila huo usiufunge kwenye turubai. Plastiki za kubana, zile za kufungia nyaya, nyingi zinakatika kwenye baridi, tyubu inavutika tu.

Kutembea, panua miguu kidogo usijikanyage, na usirudi kinyumenyume, mkia utachimba chini ukae kitako. Viatu hivi havina meno, kwenye barafu ni sabuni, na mlimani msiende, tafuteni uwanja au njia tambarare yenye theluji laini. Ziwa lililoganda hapana, hata vijana wakilia. Soksi za sufu, siyo za pamba, na mwezi wa 12 jua linazama saa kumi jioni hivi kwa hiyo tokeni mapema. Bebeni vipande vya tyubu vya akiba mfukoni, sisi vilikatika viwili siku ya kwanza na mama mmoja aliyekuja kutuangalia ndo akatufungia kwa fundo la kuni.