Somo: Mtoto kusomea nyumbani chini ya shule ya chata California, hatua kwa hatua

Wapendwa, hamjambo. Mwezi huu wamenipigia simu kina mama wanne, wote na swali moja: "Tumesikia wanao wanasomea nyumbani na serikali ndiyo inayolipa. Ulifanyaje?" Ninaandika hapa ili na wengine wasome. Niko San Diego, watoto watatu, na huu ni mwaka wetu wa tano. Ninayoyasema ni ya California; majimbo mengine yana sheria zake.

Kwanza tusichanganye mambo mawili. Kuna mzazi anayejaza hati ya kiapo mwezi wa kumi na nyumba yake ikahesabika kama shule binafsi. Huyo yuko huru, ila hapati mwalimu, hapati vitabu, hapati senti. Halafu kuna sisi ambao watoto wetu wameandikishwa shule ya chata. Chata ni shule ya umma kabisa: haina ada, inalipwa na jimbo, inabanwa na mitihani ya jimbo. Tofauti ni kwamba inaendeshwa kwa mkataba na wilaya ya elimu au kaunti, badala ya wilaya kuiendesha yenyewe. Sheria hiyo California iliipitisha mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Minnesota iliyotangulia nchi nzima. Baadhi ya chata hufundisha sehemu kubwa nje ya darasa, na hizo ndizo tunazozizungumzia.

Hatua ya 1: Angalia kaunti yako. Shule ya aina hii inaruhusiwa kuandikisha watoto wa kaunti yake na kaunti zinazopakana nayo tu. Sisi wa San Diego tunaweza kutafuta pia Orange, Riverside na Imperial. Omba mapema, kwa sababu mwaka 2020 jimbo lilisimamisha kwa muda uanzishaji wa shule mpya za namna hii, na zile zilizopo zikipata waombaji wengi kuliko nafasi, huchagua watoto kwa bahati nasibu.

Hatua ya 2: Karatasi. Cheti cha kuzaliwa au pasi, uthibitisho wa anwani (bili ya umeme inatosha), rekodi za chanjo, ripoti za shule aliyotoka. Hawana ruhusa ya kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hilo mwaka 1982. Mtu akikuuliza visa unapoandikisha mtoto wa shule ya msingi, huna wajibu wa kujibu.

Utapewa pia fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Andikeni Kiswahili, tafadhali. Najua wapo wanaoandika Kiingereza wakiogopa mtoto atatengwa. Fomu hiyo ndiyo inayomfungulia mlango wa kupimwa Kiingereza ndani ya siku 30 na kupewa msaada akionekana anauhitaji. Ukiificha lugha yako, umemfungia mwenyewe.

Hatua ya 3: Mkataba wa masomo. Hapa ndipo nataka mkae. Ni karatasi kadhaa zinazosainiwa na mzazi, mwanafunzi na mwalimu mwenye leseni ya jimbo. Zinasema atasoma nini, kazi itawasilishwaje na kila baada ya muda gani, akikosa kazi ngapi shule itakaa kuangalia kama njia hii inamfaa, na kwamba kusomea nyumbani ni hiari yenu. Mimi wa kwanza niliusaini kwenye simu, kwa kidole, nikiwa kwenye basi kuelekea kazini. Sikujua kwamba nimekubali kukutana na mwalimu kila baada ya wiki nne, wala kwamba mtoto anatakiwa kuonyesha kazi ya kila somo. Ombeni mkalimani. Ni haki yenu, hailipiwi, na msimtumie mtoto awatafsirie mkataba wake mwenyewe.

Hatua ya 4: Vifaa. Shule nyingi hutoa laptopu ya kuazima, na mwenye shida ya intaneti hupewa kifaa kidogo cha kuunganisha. Kisha kuna fungu la pesa la kila mtoto kwa vitabu, vifaa vya sayansi, masomo ya muziki au kuogelea. Pesa hiyo haishikwi na mzazi. Unachagua kwenye orodha ya wauzaji waliokubaliwa, mwalimu anaidhinisha, shule inalipa. Kiasi hutofautiana kati ya shule na shule, hivyo kiulizeni kabla ya kusaini. Vitu vya kudumu kama darubini ni mali ya shule, vitarudishwa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Mwanangu wa darasa la tatu huanza saa mbili na nusu asubuhi, mezani jikoni, nikiwa nimetoka zamu ya usiku ya kulea wazee. Nusu saa ya kusoma kwa sauti, hesabu, kisha dakika ishirini na mwalimu kwenye skrini. Usifikiri mtoto atakaa mbele ya kompyuta kwa muda wa saa saba. Wala usifikiri atajiendesha mwenyewe wakati wewe umelala. Nililala mwezi wa kwanza, nikaamka nikakuta kurasa kumi na nne za hesabu zote zimejazwa namba 8.

Hatua ya 6: Karatasi ya mahudhurio. Hapa hakuna kuitwa majina. Shule hulipwa na jimbo kwa kazi ambayo mtoto amefanya kweli, na mzazi ndiye shahidi. Kila siku ya shule aliyosoma unaweka alama siku hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi. Mwaka wa kwanza nilijaza mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, nikaweka alama hata tarehe 11 Novemba, sikukuu ya maveterani, siku ambayo shule imefungwa. Mwalimu aliinua ile karatasi, akaweka kidole kwenye hiyo tarehe, akaniangalia tu. Niliona aibu sana. Na jambo si dogo: mwaka 2019 waendesha mashtaka wa kaunti yetu waliwashtaki watu 11 kuhusu mtandao wa shule za namna hii, na fedha za jimbo zilizotajwa zilizidi dola milioni 400. Mlikuwemo watoto kwenye orodha ambao hawakufundishwa chochote. Alama ya uongo ni ndogo, lakini ni ya jamii moja na hiyo.

Hatua ya 7: Mkutano na mwalimu. Sisi hukutana maktaba ya mtaa. Ninabeba bahasha yenye sampuli za kazi, moja kwa kila somo, jina na tarehe juu kulia. Mwalimu hazihesabu kurasa; anaangalia kazi na kukadiria ina thamani ya siku ngapi za masomo. Mwezi wa pili alichukua karatasi ya binti yangu ya hesabu za sehemu, akamwuliza, "Nionyeshe ulivyopata robo tatu." Binti akachora mkate, akaukata. Mwalimu akaandika maelezo pembeni, akatupa kazi mpya ya wiki mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuachwa peke yangu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa wawili, El Cajon: Dada, Kiingereza changu ni cha sokoni. Nitafundisha nini?

Dada yangu, wewe si mwalimu rasmi wa mtoto, ni msimamizi wa nyumbani. Kusoma kwa sauti na hesabu unaweza kumfanyia kwa Kiswahili. Mtoto anayeelewa kugawanya kwa Kiswahili atajua kugawanya kwa Kiingereza. Ya Kiingereza mwachie mwalimu. Sheria inaitaka shule itoe nafasi ya somo la moja kwa moja kila siku hadi darasa la tatu. Darasa la nne hadi la nane mawasiliano ya moja kwa moja kila siku na somo kila wiki. Sekondari ya juu, somo kila wiki. Uliza ratiba hiyo kabla hujasaini.

Baba mmoja, Fresno: Fungu la pesa linaweza kulipia madrasa, au vitabu vya Biblia?

Hapana, kaka. Ni shule ya umma, haiwezi kununua mafundisho ya dini, ya msikiti wala ya kanisa. Fundisha dini kwa wakati wako na kwa mfuko wako, hakuna atakayekuzuia, ila usiipeleke kama sampuli ya kazi.

Mama wa mmoja, City Heights: Mwanangu anachelewa kusema na alikuwa na mpango maalumu shuleni. Akija nyumbani ataupoteza?

Haupotei. Chata haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu, na lazima imtolee huduma zilizo kwenye mpango wake. Mtaalamu wa kusema anaweza kukutana naye ofisini au kwa video. Lakini mama, itisha kikao cha mpango kabla hujamtoa kule alipo, ukiwa na mkalimani, na useme wazi kama video haimfai. Kwa mtoto mdogo asiyetulia, mimi ningedai mtu wa ana kwa ana.

Kaka, Sacramento: Chanjo je? Na ile mitihani ya jimbo?

Sheria ya chanjo iliyoanza Julai 2016 haimbani mtoto wa masomo ya kujitegemea (ndivyo sheria inavyoita kusoma nje ya darasa kama wetu) asiyehudhuria darasa lolote, ingawa shule bado huomba rekodi zake. Akihudhuria darasa kwenye kituo cha shule, hali inabadilika. Mitihani ipo darasa la 3 hadi la 8 na la 11, na mara nyingi mtampeleka mahali walipopanga. Mzazi anaweza kuandika barua kumwondoa mtoto, ila mimi wangu hufanya, nijue amefika wapi.

Shangazi anayelea, San Diego: Wanaweza kumfukuza akikosa kazi?

Wanaweza kuanzisha mchakato, shangazi, lakini si kwa ujumbe wa simu. Lazima upewe barua siku tano za shule kabla, katika lugha yako, na ukiomba usikilizwe, mtoto anabaki shuleni mpaka uamuzi utoke. Barua ikija kwa Kiingereza kitupu, irudishe na udai ya Kiswahili.

Mama wa kijana wa darasa la 10, Oakland: Cheti chake kitakubalika chuo kikuu?

Uliza mambo mawili: shule ina ithibati, na masomo yake yameorodheshwa katika yale yanayotakiwa na vyuo vikuu vya jimbo? Yote mawili yakiwa ndiyo, yuko salama. Na kijana anaweza kuanza kuchukua masomo ya chuo cha jamii akiwa bado sekondari, mara nyingi bila ada. Wa kwangu anachukua Kihispania jioni. Siku hiyo karatasi ya mahudhurio anaijaza mwenyewe, mimi nasaini tu.