Jinsi ya kuomba mahakama ya Marekani imrudishe mjumbe wa juri aliyekataliwa kwa sababu ya rangi

Ndugu yako ana kesi ya jinai Marekani na siku ya kuchagua juri, yaani raia wa kawaida watakaoamua kama ana hatia, imewadia. Jiandaeni kwa siku hiyo sawasawa na siku ya ushahidi. Kenya ya ukoloni juri ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika alihukumiwa na jaji mwenye wazee wa baraza. Marekani kila mshtakiwa wa kosa kubwa ana haki ya juri, lakini mlango wa ubaguzi upo: kila upande hupewa nafasi kadhaa za kumkataa mtu bila kutaja sababu. Katika mahakama za shirikisho, kwa kosa kubwa lisilo na adhabu ya kifo, mashtaka wana nafasi 6 na utetezi 10.

Pingamizi la kukataliwa mjumbe kwa sababu ya rangi huitwa Batson. Jina hilo limetokana na kesi ya Mmarekani mweusi wa Louisville, Kentucky, ambaye mwendesha mashtaka aliwaondoa weusi wote wanne waliokuwa kwenye orodha, akahukumiwa na juri ya weupe watupu. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya nchi ikasema hilo ni kinyume cha katiba.

Kabla ya siku yenyewe. Mwambie wakili waziwazi kwamba unataka pingamizi hili litumike ikibidi. Mshtakiwa halazimiki kuwa wa rangi moja na mjumbe aliyekataliwa. Hilo liliamuliwa mwaka 1991. Kwa kawaida uchaguzi wa juri hufanyika hadharani, kwa hiyo jamaa mmoja akae nyuma na daftari. Aandike namba ya kila mjumbe, rangi yake, maswali aliyoulizwa, majibu yake, na nani alimkataa. Asimsemeshe mjumbe yeyote, hata kwa salamu.

Pinga papo hapo. Hapa ndipo kesi nyingi hupotea. Wakili aseme kabla juri haijaapishwa, na ni heri zaidi kabla waliokataliwa hawajarudi nyumbani. Aombe kuzungumza na jaji wajumbe wasisikie, kisha aseme: "Mheshimiwa, utetezi unapinga kuondolewa kwa mjumbe namba 14 kwa mujibu wa Batson." Ataje pia kwa sauti rangi ya mjumbe huyo na ya waliobakishwa. Mwandishi wa mahakama huandika maneno tu. Lisilosemwa, majaji wa rufaa hawatalijua.

Onyesha dalili. Wakili hatakiwi kuthibitisha ubaguzi mwanzoni. Zinatosha dalili za kumfanya jaji ashuku: weusi wangapi walikuwepo, wangapi wamekataliwa, waliulizwa nini.

Sikiliza sababu. Sasa ni zamu ya mwendesha mashtaka kujieleza. Sababu yake si lazima iwe ya maana, mradi haitaji rangi. "Hakunitazama usoni" hukubalika kwa hatua hii. Msikate tamaa.

Linganisha. Hii ndiyo hatua inayoamua, nayo daftari la jamaa yenu litafanya kazi hapa. Kama mweusi ameondolewa kwa kuwa kaka yake aliwahi kufungwa, je, kuna mweupe mwenye ndugu aliyefungwa aliyebakishwa? Katika kesi ya Curtis Flowers wa Mississippi, iliyoamuliwa mwaka 2019, mwendesha mashtaka aliwauliza weusi watano aliowaondoa maswali 145, na weupe kumi na mmoja waliobaki maswali 12 tu kwa jumla. Hesabu hiyo ilichangia hukumu kufutwa.

Neno moja kwa sisi wa Kiswahili. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ilikubali kuondolewa kwa watu wanaojua Kihispania, kwa hoja kwamba huenda wasingefuata tafsiri ya mkalimani. Naona uamuzi ule uliwaumiza wageni wengi. Basi kama shahidi atazungumza Kiswahili na kuna mjumbe anayekijua, wakili amuulize wazi: utafuata maneno ya mkalimani? Jibu la ndiyo liingie kwenye kumbukumbu.

Angalieni pia sheria ya jimbo lenu. Washington (jimbo, si mji mkuu) tangu 2018, na California kwa kesi za jinai tangu 2022, hazidai uthibitishe nia ya kubagua. California huhesabu kujua lugha nyingine kuwa sababu isiyofaa hadi mwenye kuitoa athibitishe vinginevyo. Arizona imefuta kabisa ukataaji usio na sababu.

Jaji akikubali, humrudisha mjumbe au huanza upya na kundi jingine. Akikataa, wakili aombe sababu za jaji ziandikwe, arudie pingamizi kabla ya kiapo, na baada ya hukumu aagize nakala ya kumbukumbu pamoja na sehemu ya uchaguzi wa juri. Iagizwe kwa kuitaja. Mahali pengine sehemu hiyo haiandaliwi bila kuombwa.